Picha ya Pasipoti ya Wubit

Askale alimimina uji wa teff, ile nafaka ndogo ya kwao, kwenye kikaango kipana cha udongo. Alianza ukingoni, akazungusha mkono mpaka katikati. Vitundu vikatokea juu ya injera, mkate mwembamba na laini, kama macho madogo yanayofumbuka. Akafunika.

Ilikuwa sikukuu ya malaika Mikaeli. Mji wa Dessie, Ethiopia, ulikuwa umenyeshewa tangu alfajiri. Mumewe, Mengesha, alikuwa amerudi kutoka kanisani na shuka jeupe begani. Siku za kazi alishona viatu. Siku za sikukuu alisimama kwenye lango la kanisa, akiongoza watu waingie bila kusukumana.

"Injera ya kwanza ni ya nani?" Mengesha aliuliza.

"Ni ya mwenye subira."

"Basi mimi sitakula leo."

Askale alicheka. Wakati huo simu ikalia juu ya kabati. Ilikuwa simu janja ya pekee nyumbani. Namba ilikuwa ngeni, ya Uarabuni. Askale alipangusa mkono kwenye nguo, akapokea.

"Mama, ni mimi."

"Wubit? Mwanangu, mbona namba hii?"

"Nimeazima simu ya mwenzangu. Salio ni dogo, nisikilize tu."

Wubit alikuwa binti yao. Alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, lakini tajiri wake alikataa kumrudishia pasipoti. Alizuia hata begi lake na simu yake. Wubit alitoka na nguo alizovaa, akakimbilia ubalozi.

"Usiku huu kuna ndege ya kuturudisha nyumbani," Wubit alisema haraka. "Afisa yuko tayari kuniandikia karatasi ya safari. Anataka aone pasipoti yangu, hata kwa picha. Ile picha niliyokutumia kabla sijaondoka, bado ipo?"

"Ipo. Huiangalia kila ninapokukumbuka."

"Itume kwa namba hii, kwenye ile programu yetu ya ujumbe. Nimekuandikia huko, hujibu. Wanafunga saa kumi. Mama, nikikosa ndege ya leo sijui nyingine ni lini. Kuna wasichana humu wamesubiri mpaka wamechoka kuuliza."

Simu ikakatika. Salio lilikuwa limekwisha.

Askale alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane. Akabonyeza programu ya ujumbe. Ikafunguka. Maneno ya kigeni yakatokea katikati ya kioo. Kabla hajajua ni nini, programu ikajifunga.

Akabonyeza tena. Ikafunguka, ikaonyesha maneno, ikajifunga.

"Mengesha," alisema. "Haifunguki."

"Bonyeza polepole. Wewe unaibonyeza kama unakanda unga."

Mengesha akajaribu kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayemgusa paka asiyemjua. Ikajifunga vilevile. Nyuma yao harufu ya injera iliyoungua ikaanza kupanda. Hakuna aliyegeuka.

Askale alimpigia mwanawe, Habtamu, aliyekuwa mjini akiendesha bajaji. Simu ya kawaida iliita vizuri. Habtamu alifika akiwa na matope mpaka magotini.

"Nipe niione," alisema. "Bando lipo?"

"Lipo. Ulininunulia mwenyewe."

Habtamu akazima intaneti, akaiwasha. Programu ikajifunga. Akaizima simu yote, akaiwasha upya. Wakasubiri, wote watatu wakikitazama kioo kama wanaosubiri mtoto apige chafya. Programu ikajifunga. Akafuta nyimbo na video zake za mpira ili kupata nafasi. Nafasi ikawa tele. Programu ikajifunga.

"Yale maneno yanayotokea yanasema nini?" Askale aliuliza.

"Hayo? Ni Kiingereza tu. Mimi huyabonyeza yaondoke."

"Huyasomi?"

"Mama, tuna haraka au tuna masomo?"

Saa ya ukutani ilisonga. Askale alimwona Wubit kichwani mwake, amesimama mbele ya meza ya watu, akiikodolea macho simu isiyo yake.

"Iko njia moja tu," Habtamu alisema. "Tuiondoe programu, kisha tuiweke upya. Inakuja mpya, safi."

"Na ile picha iliyo ndani?"

"Itarudi."

"Nani kakwambia?"

"Hii ni programu, mama. Si mbuzi kwamba itapotelea mlimani."

"Fanya," Mengesha alisema. "Saa inakwenda."

Askale hakuridhika. Picha ile haikuwepo mahali pengine popote. Haikuwepo kwenye albamu ya simu. Ilikuwa ndani ya mazungumzo yake na Wubit tu.

"Ngojeni nimwite Hirut," alisema.

"Hirut yuko chuoni," Habtamu alijibu.

"Leo alikuwa kanisani pamoja nami. Msiguse kitu."

Askale akatoka mbio, miguu mitupu. Hirut alikaa nyumba ya pili, nyuma ya ua wa mabati. Alifundisha kompyuta katika chuo cha ufundi, na jioni majirani walimletea simu zao kama wanavyompelekea daktari watoto. Alikuwa akikaanga kahawa. Alipoona uso wa Askale, aliutoa mkebe motoni bila kuuliza. Askale akamweleza njiani.

Walipoingia, Habtamu alikuwa ameinamia simu. Kioo kilikuwa na swali moja: *Una hakika unataka kuiondoa programu hii?* Kidole chake kilikuwa kimekaribia jibu.

"Habtamu," Hirut alisema. "Inua kidole."

"Dada, nimeshajaribu kila kitu."

"Nakusikia. Inua kidole kwanza."

Habtamu akainua. Hirut akaichukua simu, akabonyeza *Hapana*. Askale alijikuta ameshika mwimo wa mlango.

"Programu hii huhifadhi mazungumzo ndani ya simu yenyewe," Hirut alieleza. "Ukiiondoa, inaondoka na vyote vilivyomo. Ukiiweka upya inakuja tupu. Baba yako akiletewa kiatu kinachobana, humkata mtu mguu?"

Habtamu akatazama chini. "Sikujua."

"Ulianza vizuri. Kuzima na kuwasha, kuangalia bando, kuangalia nafasi, yote ni sawa. Kuondoa ni dawa ya mwisho, tena baada ya kuhifadhi vyako. Sasa niambieni. Mara ya mwisho ilifanya kazi lini?"

"Kabla umeme haujakatika," Askale alisema. "Wiki hiihii."

"Na baada ya hapo simu ilipata nini? Ilianguka? Ililoa?"

"Hapana. Chaji iliisha, ikazima kabisa. Umeme uliporudi Mengesha akaichaji na kuiwasha."

"Ikawaka vizuri," Mengesha alisema. "Haina ubaya wowote."

"Haya. Na maneno yanayotokea yanasema nini?"

Habtamu akakohoa. "Hutokea na kutoweka. Hatukuyasoma."

"Simu inapokataa kazi, mara nyingi hukwambia kwa nini. Ukiyafukuza maneno yake, umemfukuza shahidi." Hirut akatoa simu yake mwenyewe. "Mama Wubit, fungua programu. Mimi nitayapiga picha kabla hayajatoweka."

Askale akabonyeza. Hirut akapiga picha. Programu ikajifunga, lakini maneno yalikuwa yamenaswa. Hirut hakuyasoma mara moja. Alifungua kwanza ukurasa wa habari kwenye simu ya Askale. Ukakataa. Akafungua duka la programu. Likakataa nalo.

"Mnaona?" alisema. "Kila kinachotaka intaneti kinagoma. Bando lipo, na simu ya kawaida inaita. Basi mgonjwa si programu. Mgonjwa ni simu."

Akaigeukia picha aliyopiga. Akasoma, kisha akawatafsiria polepole: "'Tarehe ya simu yako si sahihi. Rekebisha tarehe na saa, kisha ujaribu tena.'"

Akavuta kioo cha simu ya Askale kutoka juu. Akaitazama tarehe.

"Nani aliweka tarehe hii?"

"Mimi," Mengesha alisema. "Ilipowaka ilikuwa na tarehe ya ajabu. Nikaiweka sawa."

"Gashe, simu inasema leo ni siku ya kumi na mbili, mwezi wa kumi, mwaka 2017."

Hirut alimwita Gashe, kama anavyoitwa mtu wa rika la baba. Lakini Mengesha alisikia lawama tu. Akanyoosha kidole kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa ukutani.

"Soma mwenyewe. Leo ni Sene kumi na mbili. Sene ni mwezi wa kumi. Mwaka ni 2017. Nimeshinda langoni kwa Mikaeli tangu alfajiri. Au yeye naye amekosea siku yake?"

"Kalenda yako haina kosa, Gashe. Kwa kanisa na kwa shamba, ni sahihi. Lakini simu haihesabu miaka yetu. Huhesabu ya nchi za nje. Kwao leo ni mwezi wa sita, mwaka 2025. Ukiiandikia 2017, inaelewa 2017 yao, iliyopita zamani."

"Zamani kiasi gani?" Askale aliuliza.

"Simu yako inaamini Wubit bado yuko shuleni."

Hakuna aliyecheka.

"Iamini inavyotaka," Mengesha alisema. "Tarehe inahusiana nini na kutuma picha?"

Hirut aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imekaribia saa tisa na nusu. Lakini alijua mtu asiyeelewa huharibu tena kesho.

"Wewe hukaa langoni. Programu ikitaka kuzungumza na mtandao, nayo hupita langoni. Mtandao huonyesha kitambulisho chake, na kila kitambulisho kina tarehe kilipotolewa. Sasa mtu anakuja langoni kwako leo, na barua iliyotiwa sahihi mwaka ambao haujafika. Utamfungulia?"

"Ningemfukuza. Huyo ni tapeli."

"Ndivyo simu yako ilivyofanya. Inauona mtandao wa leo, inasema huyu ametoka mwaka ambao haujafika, huyu ni tapeli. Inafunga lango. Si mbovu. Inalinda kwa tarehe uliyoipa."

Mengesha akaitazama tena kalenda ya ukutani.

"Na saa pia," Hirut aliongeza. "Uliiwekea saa ya ukutani. Simu huanza kuhesabu katikati ya usiku. Saa nane yetu ya mchana, kwake ni kumi na nne."

"Kwa hiyo wageni ndio watakaonipangia saa nyumbani kwangu?"

"Baba Wubit," Askale alisema. Hakupaza sauti. "Mwanao amesimama mlangoni kwa watu. Mwache Hirut afanye kazi."

Mengesha akakaa kwenye kigoda chake cha kushonea. "Fanya, binti yangu."

"Njoo hapa uone mwenyewe," Hirut alimwambia. "Si siri. Hapa ni Mipangilio. Ndani yake kuna Tarehe na Saa. Swichi hii inasema simu ichukue tarehe kutoka kwenye mtandao. Uliizima ulipoweka kwa mkono. Sasa naiwasha."

Akaiwasha. Wakatazama. Tarehe haikubadilika.

Nje mvua ilirudi, ikapiga mabati kwa kishindo. Alama ya mtandao ilibaki na mstari mmoja.

"Haibadiliki," Askale alisema.

"Mnara hautoi saa haraka ukiwa dhaifu. Hatuungoji." Hirut akaizima swichi tena, akaiweka simu yake kando ya ile nyingine. "Yangu ni sahihi. Naandika kama ilivyo. Mwaka, mwezi, siku, saa. Na eneo la saa liwe la Addis Ababa. Mtandao ukitulia tutairudisha swichi. Mama Wubit, fungua programu."

Askale akabonyeza. Programu ikafunguka. Maneno ya kigeni hayakutokea. Orodha ya watu ikajaa kwenye kioo, na juu kabisa namba ile ngeni ya Uarabuni. Jumbe zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine.

*Mama, ni mimi Wubit, natumia simu ya mwenzangu. Naomba ile picha ya pasipoti.*

*Mama, umeiona?*

*Mama, mbona hujibu? Mko salama?*

*Nimewakosea nini?*

Jumbe zilikuwa za juzi na jana. Askale alizisoma kwa sauti, huku akilia. Mengesha aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshika kipande cha ngozi ya kiatu, akikikunja na kukikunjua.

"Tutalia baadaye," Hirut alisema, akimshika Askale bega. "Picha."

Askale akarudi kwenye mazungumzo ya zamani ya Wubit. Akapandisha kidole, akapandisha. Salamu za Pasaka. Picha za chakula. Wubit amevaa aproni, anatabasamu kwa nusu mdomo. Kisha akaifikia pasipoti. Askale akaigusa ikakua. Jina lilisomeka. Namba ilisomeka.

"Bonyeza hapa, peleka mbele," Hirut alielekeza. "Chagua namba yake. Mwenyewe, kwa kidole chako."

Askale akabonyeza. Duara likaanza kuzunguka juu ya picha. Lilizunguka. Mstari mmoja wa mtandao ukatoweka, ukarudi.

"Nje," Habtamu alisema ghafla. "Kwenye ngazi za jirani mtandao hushika. Abiria wangu husimama pale."

Wakatoka. Habtamu alitandaza shuka jeupe la baba yake juu ya vichwa vya wanawake hao wawili, na Mengesha hakulalamika. Juu ya ngazi duara lilizunguka mara chache zaidi, kisha likaisha. Alama moja ndogo ikatokea chini ya picha. Kisha ya pili.

"Imefika," Hirut alisema.

Lakini hakuna aliyejibu kutoka upande wa pili. Walirudi ndani wakakaa. Askale aliishika simu kwa mikono miwili. Saa ya ukutani ilifika saa kumi, ikaipita. Mengesha alisali kwa midomo bila sauti. Habtamu alikuna tope lililokauka kwenye suruali yake. Jiko lilizima na hakuna aliyeliwasha.

Simu ikalia, safari hii kwenye programu.

"Mama," Wubit alisema. "Afisa alikuwa ameshafunga kabati lake. Alipoiona picha akalifungua. Karatasi ninayo mkononi."

Mengesha akaichukua simu.

"Mwanangu."

"Baba, mlikuwa wapi siku zote hizi?"

"Sisi tulikuwepo. Simu ndiyo niliyoirudisha nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Njoo nyumbani. Hirut atakueleza, mimi bado najifunza."

Jioni ile Hirut hakuondoka upesi. Mvua ilipokata, aliiwasha ile swichi ya tarehe, na mtandao ukaishika. Kisha akamwonyesha Askale namna ya kuihifadhi picha ya pasipoti kwenye albamu, na kuituma kwenye simu yake Hirut pia. "Kitu muhimu kisikae mahali pamoja," alisema. "Simu huibiwa, simu huvunjika." Akamwekea Mengesha programu ndogo ya kalenda yao, yenye miezi yao na siku za watakatifu.

Mengesha aliichunguza. "Mikaeli yupo. Giyorgis yupo. Na saa ya simu?"

"Hiyo usiiguse kabisa. Iache ihesabu inavyojua. Wewe angalia hii."

"Basi kalenda mbili zitakaa nyumba moja."

"Zitakaa, Gashe. Hazigombani."

Habtamu aliliwasha jiko upya. Kisha akauliza, "Dada, ile namna ya kupiga picha maneno. Hata ujumbe wa Kiingereza ninaweza kukuletea?"

"Niletee. Au mletee yeyote anayesoma. Ila usiyafukuze."

Wiki zilizofuata, watu walimshangaa Mengesha langoni. Mtu akilalamika kwamba simu yake imegoma, Mengesha aliuliza kama mganga: ilianza lini, ni programu moja au zote, imeandika nini, na je, umegusa tarehe? Wapo waliokuwa wameigusa. Nao walikuwa wameifuata kalenda ya ukutani.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kwanza alikuja Wubit.

Alishuka kwenye basi la Addis Ababa akiwa na mfuko mmoja wa plastiki. Alikuwa amekonda. Alikula injera tatu bila kuzungumza, huku mama yake akimlisha tonge kwa mkono, kama ilivyo desturi. Kisha akajilaza kitandani, juu ya blanketi, na viatu miguuni. Mengesha akapiga goti, akamvua viatu, akazitazama soli zilizolika na kutikisa kichwa. Akaenda navyo kwenye kigoda chake.

Askale alikaa mlangoni mwa chumba, akimsikiliza anavyopumua. Simu ikalia mkononi mwake. Walikuwa ni ndugu na majirani, wote wakitaka kujua kama amefika. Ikalia tena. Wubit akajigeuza usingizini.

Askale akaibonyeza pembeni, akaishikilia mpaka kioo kikawa cheusi.